Tairi la Pili

Dada yangu hakuwa na mazoea ya kumtakia mtu safari njema. Kila nilipowasha gari kurudi Maskati alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza: "Tairi la pili unalo?" Nikisema ninalo, alitaka kuliona. Ilinibidi nizime gari, nishuke, nifungue buti, ninyanyue zulia, naye aje aligonge kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji sokoni. Akiridhika aliingia zake ndani bila hata kupunga mkono.

Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa ameolewa nyuma ya milima, kwenye kijiji ambacho lami inakuacha njiani na kilichobaki ni changarawe na mawe yaliyovunjika kutoka juu, yenye ncha za kukata ngozi ya ng'ombe. Mumewe, Mungu amrehemu, aliwahi kulala huko njiani kwa tairi lililopasuka, na tangu hapo dada aliona kwamba mambo mengine yote ya gari ni mapambo. Mimi ni mdogo wake. Tulipotoka Unguja mama yetu alikuwa keshakufa, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni, mwenyewe akiwa msichana tu ambaye hakuulizwa kama anataka kuondoka. Kwa hiyo nilipoambiwa fungua buti, nilifungua.

Halafu kazi yangu ilikuwa hiyohiyo. Ujana wangu na uzee wangu wa mwanzo nimeumalizia kwenye bohari ya vipuri ya wakala mmoja wa magari, kule Wadi Kabir. Jina la wakala silitaji, na la gari pia silitaji. Wamenilisha miaka mingi, na nisingependa watu wajue nimewasema nini.

Nilipoanza, magari yalishuka kwenye bandari ya Matrah. Tulikwenda wenyewe kuyapokea, tukayapanga juani, tukayakagua moja moja. Siku hizi palepale zinafunga gati meli za watalii, wazee wa Kizungu wenye kofia wanashuka kupiga picha, na magari yanaingilia bandari nyingine mbali huko. Zamani zile kila gari lilikuja na matairi matano, manne chini na moja kwenye buti, saizi ileile, ringi ileile. Hakuna tangazo lililolitaja tairi la tano, kwa sababu hakuna anayetangaza kwamba nyumba anayoiuza ina mlango.

Kisha dunia ikageuka. Huko yanakotengenezwa magari, serikali zikaanza kuwabana wenye viwanda: gari linywe mafuta kidogo, litoe moshi kidogo, la sivyo faini. Hapa kwetu petroli iliyokuwa kama maji ya bomba ikapandishwa bei, na watu waliozoea kuliacha gari likinguruma nje ya duka Hamriya ili kiyoyozi kisizimike, wakajifunza kuzima. Sikatai kwamba ilikuwa lazima. Joto la Maskati nalijua, na naona kila mwaka linavyozidi. Mtu anayesema gari liendelee kunywa kama ngamia, huyo simtetei.

Lakini hapohapo yakaingia magari ya Kichina. Mwanzoni tuliyacheka. Tulisema milango yake inalia kama debe, subirini kiangazi kimoja tu. Kiangazi kikapita, na kingine, magari yakawa yanakwenda, na ndani yake kioo cha kubonyeza na kuchezea, kikubwa kama sinia la harusi, dhamana ndefu, na bei ambayo muuzaji wetu akiisikia alikuwa anakunywa maji. Wateja ambao baba zao walinunua kwetu wakaanza kupita mbele ya duka letu bila kutazama ndani. Kicheko kikatuishia.

Basi kiwanda kikatuletea mgeni wa kutufundisha. Tulikusanywa ukumbini, wauzaji, mafundi na sisi wa vipuri, tukaonyeshwa picha ukutani. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, anatabasamu kila baada ya sentensi. Akatueleza kwamba kila kilo moja inayotolewa kwenye gari ni mafuta yaliyookolewa na ni bei iliyoshuka, kwa hiyo ni pigo kwa Mchina. Injini ya silinda sita imekuwa ya silinda nne, na sasa tatu, imefungwa tabo ya kuisukumia hewa ili isijione ndogo. Vyuma vilivyoweza kuwa plastiki vimekuwa plastiki. Kile kijiti cha kupimia oili kimeondoka, gari litakwambia lenyewe. Na katika picha ya mwisho akatuonyesha buti, na ndani ya shimo la tairi la akiba pamejazwa sponji, na juu ya sponji kuna chupa ndogo na pampu ya kuchomeka kwenye umeme.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza tairi liko wapi.

Akasema wateja wengi hawalitumii kamwe, wanauza gari tairi likiwa halijaguswa. Ni uzito wa bure.

Nikamwambia kaburi nalo watu wengi wanapita mbele yake kila siku na hawalitumii. Ukumbi ukacheka, naye akacheka, kwa sababu mtu wa aina ile unaweza kumtukana mamaye akaandika kwamba ni maoni mazuri. Meneja hakucheka. Baadaye aliniita akaniambia nisije nikamwaibisha tena mbele ya kiwanda.

Kilichonikera hasa si tairi peke yake. Ni kwamba gari lilelile lililonyimwa tairi kwa ajili ya uzito lilipewa paa la kioo zima, viti vinavyosogea kwa mota, na sinia lao wenyewe la kuchezea ili wasipitwe na Wachina. Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba vipuri hivyo. Paa lile watu wawili tulilinyanyua kwa jasho. Uzito haukuondoka kwenye gari, uliondolewa pale tu mteja asipoangalia siku ya kununua.

Nikastaafu. Gari langu la zamani, zito na lenye matairi yake matano, lilikuwa limeanza kuninyonya kila wiki kwenye kituo cha petroli, na wanangu wakanishika: Baba, hilo si gari, ni mzigo. Wakala akanipa bei ya mtu wa nyumbani. Nikanunua jipya, lililoshindiliwa sponji. Na nasema kweli, linakunywa kidogo, nilishangaa mwenyewe.

Sikuwa mjinga lakini. Siku hiyohiyo niliagiza tairi la akiba na ringi yake, saizi kamili. Muuzaji akasema halipo bohari, litatoka kiwandani. Bohari ile nimeipanga kwa mikono yangu, rafu kwa rafu, na nikaambiwa kitu hakipo na mtu asiyejua mlango wake uko upande gani. Nikasema haya. Kila nilipopiga simu jibu lilikuwa moja: meli bado. Nikazunguka gereji zote za Wadi Kabir, nikaingia kwenye viwanja vya magari mabovu, nikikanyaga oili na vioo, kutafuta ringi ya gari kama langu. Hakuna. Fundi mmoja wa Kibangali, rafiki yangu wa zamani, akanicheka: gari lako jipya mno, Baba, halijapata maiti bado.

Nilipolipeleka kumwonyesha dada, alilizunguka, akagusa paa la kioo, akauliza jua litakwenda wapi. Kisha akaenda moja kwa moja nyuma.

"Liko wapi?"

"Nimeliagiza, dada. Litakuja."

"Na lisipokuja?"

Nikamwonyesha chupa. Nikamweleza kwamba ina dawa, unaipampu ndani, tundu linaziba lenyewe. Aliishika, akaitikisa karibu na sikio.

"Dawa ya tairi!" alisema. "Basi na dua uisomee, maana nnaona dawa yenyewe kidogo." Akacheka mpaka akakaa kitako kwenye kizingiti. Alikuwa keshaanza kuumwa na moyo, na kucheka kulimchosha.

Sasa lazima niseme habari ya sanda, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulikwenda Hija pamoja, mimi na yeye, mumewe akiwa keshafariki. Kule alinunua nguo nyeupe ya sanda yake na yangu, kama wafanyavyo watu wetu, akaichovya kwenye maji ya Zamzam na kuianika mwenyewe, amekaa pembeni kuilinda na upepo. Aliposhika kitambaa chake akakipitisha shavuni. Akaniambia: "Mdogo wangu, mimi dunia hii sijachagua kitu. Unguja nilitolewa, mume nilipewa, kule mlimani nilipelekwa. Sisemi vibaya, nimeishi. Lakini hii nnaichagua mwenyewe. Nataka niende nayo hii."

Akanikabidhi niiweke Maskati. Kwake, alisema, wajukuu wataikata iwe mapazia ya nyumba za wanasesere. Kwa hiyo ikakaa kwangu, sanda yake na yangu, mifuko miwili kwenye kabati moja. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mke wangu aliitoa, akaiweka juani, akaifukiza udi, akaikunja tena. Dada alipokuja mjini kwa daktari alikuwa anataka kuiona, kama mtu anayekwenda kumtazama ndama wake aliyefugiwa kwa jirani.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa. Mtoto wake alinipigia simu.

"Mjomba, mama katutoka."

Nikasema ya kusema. Akasema: "Tutamsalia baada ya sala ya Ijumaa. Njoo na sanda yake, mjomba. Alinikumbusha jana usiku, akasema sanda yangu iko kwa mdogo wangu, msinivishe kitu kingine."

Tuliondoka mimi na mke wangu jua likiwa bado changa. Mfuko aliupakata yeye, hakukubali uwekwe kwenye kiti cha nyuma. Barabara kuu ilikuwa tupu na gari lilikwenda kimya kabisa, hata nikawa nasikia pumzi zangu. Kwenye kituo cha petroli cha mwisho, kabla ya kuingia milimani, mke wangu alizungumza na binti wa dada. Alisema maji yako tayari, waoshaji wamefika, wanatungoja sisi tu. Mke wangu akamwambia tumeshafika, mwanangu. Wakati ulikuwepo wa kutosha. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu walidhani tulichelewa kuamka.

Lami ikaisha, tukapanda. Kwenye kona moja, ukuta wa jiwe kulia na bonde kushoto, nikasikia kishindo, si kikubwa, halafu sauti ya hewa inayotoka. Nikasimama. Jiwe lilikuwa limelichana tairi la nyuma ubavuni, mchano wa kuingiza vidole. Matairi yenyewe siku hizi membamba ubavu, nayo kwa ajili ya mafuta, yajiviringishe kwa wepesi.

Nikatoa chupa. Nilijua haitafaa kitu. Mtu aliyekaa kwenye vipuri maisha yake yote anajua kwamba dawa ile inaziba tundu la msumari, haishoni ubavu. Lakini niliitia, kwa sababu ndicho nilichopewa. Nikachomeka pampu, ikalia, na povu jeupe likatoka kwenye mchano likamwagika chini kwenye changarawe kama maziwa yaliyofurika jikoni. Mke wangu alikuwa anatazama.

Kwenye sinia la gari paliandikwa bonyeza hapa upate msaada. Nikabonyeza. Likafikiri kidogo, likaniambia hakuna mtandao. Simu zetu zilikuwa zimeshaniambia hilo bila kufikiri.

Nikaendesha hivyohivyo, juu ya ringi. Tairi likachanika vipande, ringi ikawa inasaga mawe, na gari likaanza kuvuta upande wa bonde. Mke wangu akanishika mkono wa usukani. Akasema: "Mume wangu, tutakuwa maiti watatu." Nikasimama.

Siku nyingine yoyote barabara ile ina watu. Pikapu za mbuzi, watoto wa shule, watalii wenye mahema. Ijumaa muda ule wanaume wote wanaoga na kuvaa kwenda msikitini, na milima inakuwa kimya. Nilisimama katikati ya njia na kanzu yangu ya maziko, povu la dawa mikononi, nikageuka huku na huku kama aliyepotelewa na mtoto. Mfuko ulikuwa mapajani mwa mke wangu. Nikamwambia nitaondoka nao kwa miguu. Akaniuliza kwa moyo upi, maana na mimi nina dawa zangu za presha, na jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikamfokea. Nilimfokea yeye kwa sababu hapakuwa na mwingine, na yule mtu wa shati lenye pasi alikuwa mbali sana.

Gari lililokuja lilitoka juu, likishuka. Pikapu kuukuu, rangi imeliwa na jua, injini yake unaisikia kona tatu kabla hujaiona. Mzee aliyeendesha alikuwa amevaa kwenda Ijumaa kwenye mji wa chini. Hakuuliza mimi ni nani. Alishuka, akatazama tairi, akalala chali chini ya pikapu yake na nguo zake za sala, akafungua tairi la akiba lililofungwa kwa mnyororo, akaliviringisha mpaka kwangu. Lake lilikuwa na matundu sita ya nati, langu matano. Tulisimama tukalitazama.

"Na lako liko wapi?" aliniuliza kwa Kiarabu.

Nikamwambia gari hili halina.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake ameibiwa. Nikamweleza habari ya dada na ya sanda. Akasema panda, akaigeuza pikapu pale kwenye kona, magurudumu ya nyuma yakikaribia bonde, akaanza kupanda mlima alioushuka. Sala yake ya Ijumaa ikampita, na hakuitaja. Pikapu ile ilikunywa petroli mpaka harufu yake ikatujaa puani, ikapanda polepole, ikinguruma, na mimi nikawa naisukuma kwa magoti yangu.

Tulipofika kijijini watu walikuwa makaburini. Mzee alitupeleka mpaka pale njia inapoishia. Nikauchukua mfuko kwa mke wangu nikaenda mbio, mzee mzima, pindo la kanzu mkononi. Walikuwa wanasawazisha udongo. Mtoto wa dada aliponiona akaacha jembe akaja, akanikumbatia, na mfuko ukawa katikati yetu.

"Tulikungoja, mjomba," alisema. "Wallahi tulikungoja. Wanawake walimwosha, wakamfunika shuka, wakakaa. Muadhini kaadhini, bado tunangoja. Watu wakasema tutamweka mpaka lini."

"Mmemvisha nini?"

"Bafta. Tulimfungulisha mwenye duka, akatukatia."

Hakuna aliyekosea. Kisheria bafta ni sanda kama sanda nyingine, na dada yangu Mungu anamjua kwa nguo yoyote. Sheikh aliniambia hivyo kwa upole, na mimi nikaitikia. Lakini mwanamke aliyechagua kitu kimoja maishani mwake amezikwa na kitambaa kilichokatwa kwenye jora la dukani, kati ya mchele na sabuni, kwa sababu mahali fulani watu waliovaa vizuri walikaa mezani wakaona tairi ni uzito wa bure. Nilikasirika siku ile na sijaacha. Watu huniambia ni kadari, nami nakubali kwamba kufa kwake ni kadari. Ile sponji waliiweka watu.

Tulipomaliza matanga na kurudi Maskati, gari likiwa limebebwa juu ya lori na ringi yake imenyooshwa na kuvikwa tairi jipya, wakala alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya furaha. Tairi lako limefika, mzee wetu, karibu ulichukue. Nilikwenda. Nilidhani nitasema maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kufika pale, muuzaji alikuwa anamwonyesha mteja mwingine lile paa la kioo, na yule aliyenipa tairi bohari alinipa pole ya msiba kwa dhati, hata sikuweza kufungua mdomo. Nikalibeba. Shimoni haliingii, kwa sababu ya umbo la sponji, kwa hiyo linalala juu, katikati ya buti, na limekula nafasi yote. Wanangu wanasema linaongeza matumizi ya mafuta.

Sanda ya dada iko kabatini palepale. Mke wangu mwaka huu aliitoa kabla ya Ramadhani, akaiweka juani pamoja na yangu, akazifukiza zote mbili.

Juzi nilikwenda kumzuru. Kabla ya kuondoka nyumbani nilifungua buti, nikaligonga tairi kwa kiganja, nikafunga. Njiani sikupata pancha. Kaburini nilimsalimia, nikamsomea, nikakaa. Kisha nikamwambia, kwa sauti, kama ninayejibu swali, tairi la pili nnalo, dada. Mke wangu alikuwa amebaki garini, dirisha wazi. Alinisikia, akageuza uso upande wa pili.